Mfanyabiashara wa Kimataifa wa Kosele

Matokeo ya mtihani yalipotoka na ikajulikana kwamba Kemuma binti Angwenyi amepata A ya kutoa, soko la Kosele lilimfanya daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja chuo kikuu. Muuza nyanya alimvuta kando akamwonyesha uvimbe wa kwapani. Fundi wa viatu alitaka kujua kama dawa za presha zinaweza kuchanganywa na chang'aa au zipishane kwa saa chache. Mzee mmoja wa kanisa alimnong'oneza kwamba ana shida asiyoweza kuitaja mbele za watu, na Kemuma akamshukuru Mungu kwamba watu walikuwepo. Ujuzi wake wote wa udaktari hadi siku hiyo ulikuwa kumtoa mdogo wake funza kwa pini.

Nafasi ilipotoka kweli, udaktari, miaka sita, barua ya chuo ilikuja na orodha ndefu kuliko ya mahari. Picha ndogo nane. Fomu ya afya yenye mhuri wa hospitali ya serikali. Chanjo ya homa ya ini, mara tatu. Makoti meupe mawili. Chini kabisa palikuwa na karo ya mwaka, na Kemuma aliikunja ile barua akaikunjua tena, kana kwamba tarakimu zingepungua zikipata hewa.

Angwenyi, baba yake, alikuwa Mkisii aliyeshuka Kosele miaka ishirini iliyopita na mikungu ya ndizi, akakaa. Alizipokea ndizi kutoka kwao milimani alfajiri, akazisukuma kwa mkokoteni hadi sokoni, akaziuza kwa Wajaluo ambao kwa miaka hiyo ishirini wamekuwa wakimwambia zake ni ghali. Mkewe, Nyatichi, aliuza uji na chapati. Walikula, watoto walisoma, Sabato walivaa vizuri. Ila jumla ile ya barua ingemlazimu Angwenyi kuuza milima yenyewe pamoja na ndizi zake.

Tumaini lilikuwa moja. Mjini Migori kulikuwa na Mfuko wa Maranga, wa familia ya daktari mmoja mstaafu, uliowalipia karo watoto wa maskini waliochaguliwa kusomea udaktari. Maombi yalijazwa kwenye tovuti. Sehemu ya kwanza Kemuma aliijaza mwenyewe, akairudia mara tatu akitafuta makosa. Sehemu ya pili ilikuwa ya mzazi, na siku ya mwisho ya kuituma iliangukia siku ambayo yeye alitakiwa Homa Bay, hospitalini, kwa ajili ya ile fomu ya afya na chanjo. Alimwachia baba yake namba ya siri kwenye karatasi, akamwomba aende kwa Paul, kijana mwenye saiba, duka la intaneti, ajibu maswali yote kwa ukweli. Angwenyi alijibu kwamba yeye si mtoto.

Homa Bay foleni ilimchukua Kemuma siku nzima. Muuguzi aliyemdunga alipoona kwenye fomu kwamba anaenda kuwa daktari, alimdunga kwa heshima, na sindano ikauma vile vile. Aliporudi jioni alimkuta baba yake amevaa suti yake ya kanisani, siku ya Jumanne, amekaa nje akiwa ameridhika. Alisema fomu imekwenda, na kwamba Paul ni kijana mwenye adabu.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe kwenye simu. Mfuko ulimpongeza kwa matokeo yake, ukamweleza kwamba kulingana na maelezo yaliyotolewa, familia yake ina uwezo wa kumlipia karo, ukamtakia mafanikio.

Kemuma aliusoma akiwa amesimama. Akaenda moja kwa moja kwa Paul, akamwomba amchapishie fomu nzima. Paul aliichapisha bila kumtazama usoni, akakataa kupokea pesa, na hapo Kemuma akajua kuna jambo.

Kwenye kazi ya mzazi paliandikwa mfanyabiashara wa kimataifa. Kwenye magari ya usafirishaji, moja. Ardhi, ipo milimani. Lakini ardhi ile ya milimani ilikuwa ya ndugu saba na kesi mbili. Maji, yako ndani ya nyumba. Na kweli yalikuwa ndani, kwenye jerikani nne zilizopangwa nyuma ya mlango. Mwanga wa usiku, umeme. Umeme huo ulikuwa taa ya ulinzi ya jirani, iliyopenya dirishani mwao ikawasaidia kupata viatu.

Alimkuta baba yake kibandani akaitandaza ile karatasi juu ya ndizi. Aliuliza kimataifa ni wapi. Angwenyi alieleza, bila kuinua macho, kwamba yeye amepeleka ndizi kisiwani Remba mara tatu, na walionunua walikuwa Waganda, mmoja akamlipa kwa shilingi za Uganda ambazo hadi leo hajapata wa kumbadilishia. Kama hiyo si biashara ya kimataifa, yeye hajui ni nini. Kemuma aliuliza gari. Baba yake akatazama mkokoteni, mkokoteni ukawatazama wote wawili. Kisha akasema maswali ya ile fomu yaliulizwa vibaya, na Walter mwenye bucha alikuwa amesimama nyuma yake kwenye foleni, na mambo mengine hayasemwi mbele za watu.

Kemuma alikasirika kiasi cha kushindwa kula, halafu usiku akasikia njaa akakasirika zaidi.

Jumatatu akaenda Migori kukata rufaa, akabadilisha gari mara mbili, na bahasha kifuani kama mtoto mchanga. Ofisi ya Mfuko ilikuwa juu ya duka la magodoro. Aliyempokea aliitwa Celestine, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mezani kwake kulikuwa na rundo la faili lililomfikia kidevuni. Aliisoma fomu ya Angwenyi yote, polepole, akarudia ukurasa wa pili. Akauliza baba anauza nini nje ya nchi. Kemuma akaeleza habari za Remba na Waganda. Celestine hakucheka, ingawa ilibidi avue miwani aifute. Alisema yeye hawezi kufuta jibu la mzazi kwa maneno ya mtoto, maana wapo wanaojifanya matajiri na wapo wanaojifanya maskini, na karatasi haina macho. Dawa ni moja, mtu aje aone nyumba. Atakuja mwenyewe wiki hiyo hiyo, na siku hataitaja.

Jioni Kemuma aliwakalisha wazazi wake akawapa masharti kama nesi wa kliniki. Mtu atakuja. Kila kitu kibaki kama kilivyo. Mtu asiongeze kitu, mtu asifiche kitu. Baba yake aliitikia. Mama yake aliitikia pia, kwa mdomo. Ila macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye benchi lao, lenye mguu mmoja uliofungwa kamba ya katani, na yalikaa pale muda mrefu.

Jumatano saa tano Kemuma alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga unga, upande wa pili wa soko. Wakati huo huo mwendesha bodaboda mmoja alimwambia Mama Filister, jirani yao wa karibu, kwamba kuna madam mwenye faili anauliza kwa Angwenyi ni wapi, na kwamba yeye kwa hekima yake amemwelekeza njia ndefu ili watu wajitayarishe. Mama Filister hakuwa mwanamke wa kungoja kuombwa. Alikuwa Mjaluo aliyeolewa na mwalimu mkuu, na sebule yake ilikuwa na makochi ambayo watu walikuja kuyatazama. Alipita uani kwa Nyatichi akasema neno moja, "Mgeni," na Nyatichi akaiacha sufuria ya uji motoni.

Mama Filister aliwaita akina mama wa kanisa, na nusu saa ilitosha. Wale akina mama wa kanisa walivyofanya kazi siku ile, wangeweza kujenga hekalu kabla ya chakula cha mchana.

Kemuma alirudi na unga kichwani, akaingia, akatoka. Alidhani amekosea nyumba. Akahesabu milango kwa kidole akaingia tena. Sakafu ya udongo ilikuwa imepotea chini ya kapeti jekundu. Makochi manne yenye vitambaa vya kufuma yalikuwa yamejaza chumba hadi ilibidi mtu apite kwa ubavu. Kulikuwa na mapazia, saa ya ukutani, chupa tatu za chai, na kwenye kona televisheni kubwa ya bucha ya Walter, waya wake umesukumwa nyuma ya kochi kwa sababu haukuwa na pa kuchomekwa. Mama yake alikuwa amevaa kitenge cha kung'aa na viatu vya visigino, anasimama kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Na katikati ya utajiri huo, akiwa na soda mkononi na faili magotini, alikaa Celestine wa Migori.

Celestine alimsalimia kwa upole. Kemuma aliitikia, unga bado kichwani.

Kabla hajajua la kusema, mlango wa nyuma ukafunguka akaingia baba yake. Angwenyi naye alikuwa amepata habari sokoni, na naye alikuwa amejitayarisha, ila kwa shauri lake mwenyewe. Alikuwa ametafakari kosa lake, akaamua kulirekebisha kiume. Alikuwa amevaa koti la kupakulia ndizi, lililochanika mgongo mzima, na suruali iliyoshikwa na kamba. Hakuna aliyemwambia habari za makochi. Alisimama mlangoni akatazama kapeti. Akavua buti zake, akaweka mguu mmoja juu yake, taratibu, kama anayepima joto la maji ya kuoga.

Celestine alimtazama yeye, akamtazama mkewe, akaandika kitu.

Alimwomba Angwenyi aeleze hali ya maisha nyumbani. Angwenyi alizama kwenye kochi hadi magoti yakamfikia kifuani, akatoa hotuba aliyoipanga njia nzima. Alisema biashara imeanguka. Alisema mvua imekataa, na ndizi nazo hazina shukrani. Alipofika pale pa kusema kwamba kuna siku wanalala njaa, Nyatichi aliingia na sinia la wali, akafuata Mama Filister na bakuli la kuku, nyuma yao mwanamke mwingine na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa cheupe. Angwenyi alingoja hadi chakula kikapangwa. Kisha akamalizia, kwa sauti ndogo, kwamba si siku zote.

Celestine aliomba kuchaji simu. Nyatichi alimweleza kwamba stima imepotea tangu asubuhi. Celestine akatazama juu, kwenye mabati, akafuata kuta zote nne kwa macho akitafuta waya hata mmoja. Akairudisha simu kwenye mkoba.

Ndipo Walter alipobisha hodi. Alikuwa mtu mnene na mwenye adabu, akawasalimia wote kwa mkono, akapita kwa ubavu hadi kwenye kona, akaikumbatia televisheni. Nyatichi aliharakisha kumweleza mgeni kwamba inapelekwa kwa fundi. Walter, ambaye hakuwa amefundishwa sehemu yake, alishangaa. Alisema haina tatizo lolote, ni vile tu wateja wake wamekaa na wanataka taarifa ya habari ya saa saba. Akatoka nayo, waya ukimfuata kama mkia.

Celestine aliweka kalamu chini akamtazama Kemuma.

Kemuma alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono ya unga kati ya magoti ili asichafue kitu cha watu. Moyoni aliona njia mbili. Angeweza kukaa kimya, mama yake abaki na heshima yake, na ile miaka sita ipotee hapo hapo kwenye kapeti. Au angeweza kusema. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa kidogo sana, vile wanavyomtikisia mtoto anayetaka kuomba chakula ugenini.

"Madam," alisema, "hayo makochi ni ya Mama Filister. Kapeti pia ni yake. Mapazia ni ya kanisa. Saa sijui ni ya nani. Hapa hakuna stima. Nguo aliyovaa mama ni ya kuazima, na viatu pia."

Pale kwenye viatu ndipo alipojuta. Viatu angeweza kuviacha.

Nyatichi hakumkemea. Alivivua vile viatu, kimoja kimoja, akaviweka pamoja kando ya ukuta, akasimama peku juu ya kapeti la jirani. Alipozungumza alimwelekea mgeni, si binti yake.

"Mimi sikutaka kudanganya mtu. Umetoka Migori yote hiyo kwa sababu ya mtoto wangu. Ningekukalisha kwa benchi imefungwa kamba?"

Celestine aliuliza hilo benchi liko wapi. Lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa gunia kama maiti. Alisema angependa kulikalia.

Mama Filister, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote huo bila kujificha sana, aliona afadhali aingie. Alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye hana haraka na vitu vyake, wala hapendi kumsumbua Min Kemuma, kama alivyomwita Nyatichi, mbele ya mgeni, lakini wakwe zake wamepiga simu kwamba wameshafika Oyugis, na hawawezi kukuta sebule tupu, watasema mwana wao ameoa kwa watu waliopigwa mnada.

Basi ikabidi makochi yatoke. Mkokoteni uliletwa mlangoni. Angwenyi alishika upande huu, Walter akaitwa tena ashike ule, na kochi la tatu lilipokosa mtu wa kulishika mwisho, Celestine alivua viatu, akaweka miwani mfukoni, akalinyanyua. Walipolipandisha alisimama akihema, mkono juu ya gurudumu.

"Mzee," aliuliza, "hili ndilo lile gari moja la usafirishaji?"

Angwenyi alikubali kwamba ndilo.

Chakula kilichobaki walikula nje, kwenye benchi, kwa zamu, maana sahani nazo zilikuwa zinangojewa na wakwe. Kuku ndiye pekee aliyekuwa wa kwao, na alikuwa mtamu. Celestine alimuuliza Angwenyi maswali ya fomu upya, moja baada ya jingine, na safari hii yeye akajibu kama yalivyo. Anaamka saa tisa usiku. Goti la kulia halikunjiki tena wakati wa baridi. Ardhi ni ya kesi. Walipofika kwenye kazi alitafuna muda mrefu.

"Madam, si majivuno tu," alisema. "Majivuno yalikuwepo, Walter alikuwa nyuma yangu. Lakini niliogopa. Mtoto amechaguliwa kuwa daktari. Nikaona nikiandika baba yake ni mtu wa mkokoteni, watu wa juu watasema hapa kuna makosa, wamnyang'anye nafasi."

Kemuma alikuwa akimmiminia mgeni maji ya kunawa. Aliendelea kumimina hadi birika likaisha na Celestine akamwambia inatosha, mikono imetakata.

Mgeni aliondoka saa tisa. Hakuahidi kitu. Alisema uamuzi ni wa kamati, na kwamba kuku alikuwa amepikwa vizuri sana.

Kwa siku nne Nyatichi hakuzungumza na binti yake. Alizungumza na mumewe, na kuku waliobaki, na sufuria. Unga ulipoisha alimwagiza Angwenyi amwambie daktari kwamba unga umeisha, na daktari alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo. Kemuma alikwenda kusaga. Aliosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake. Alijaribu kuomba msamaha mara mbili, na mara zote mama yake alikumbuka kitu alichosahau jikoni. Sokoni, nako, habari ilikuwa imeenea. Fundi wa viatu alimwita Angwenyi "bwana wa kimataifa" kwa wiki nzima. Angwenyi alivumilia, kisha akagundua kwamba wateja wapya wanakuja kumtazama na wanaondoka na ndizi, akaacha kulalamika.

Jibu lilikuja wiki ya tatu, asubuhi, Kemuma akichuja uji. Mfuko ungelipa karo yote ya mwaka wa kwanza, na robo tatu ya kila mwaka utakaofuata mradi asianguke mtihani. Malazi, chakula na vifaa vilikuwa mzigo wa familia. Angwenyi aliomba asomewe tena. Aliuliza robo tatu ni mikungu mingapi, Kemuma akajaribu kumpigia hesabu, akashindwa kwa sababu machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye uji wa wateja.

Nyatichi alimaliza kuuza, akaosha vikombe, akavipanga. Jioni akaja akakaa kwenye benchi karibu na binti yake, akauliza, bila salamu, kama ni kweli kwamba huko wanafundishwa kwa maiti. Kemuma akasema ni kweli. Akauliza hayo makoti meupe hufuliwa na nani. Kemuma akasema kila mtu hujifulia lake. Nyatichi alifikiria.

"Usilichanganye na nguo zako za kanisa," alisema, na hapo wakawa wamepatana.

Mwezi wa nane mama na binti walikwenda Homa Bay wawili tu kununua vifaa. Godoro walipata kwa bei ya kuzungumza. Kwenye duka la sare waliambiwa bei ya koti moja, na pesa waliyobaki nayo ilitosha koti hilo na nauli. Muuzaji alileta saizi ya Kemuma. Nyatichi alilirudisha akaomba kubwa zaidi, halafu kubwa kuliko hilo. Alieleza kwamba ni miaka sita, na msichana huyu bado hajamaliza kukua, na huko mjini atapata maziwa.

Kemuma alilivaa. Mikono ya koti ilimpita vidole, na pindo likamfikia chini ya magoti. Mama yake alimgeuza mbele na nyuma, akakunja mkono mmoja mara mbili, akakunja wa pili, akatoa pini kwenye leso yake akabana. Akarudi nyuma hatua tatu kumtazama vizuri, hadi akagonga rafu ya soksi. Kisha akafungua kifundo cha leso, akalipa, wakabeba godoro kichwani kwa pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaenda kutafuta gari.